Ni filme ao ni saladi? Mutu anieleze, mi nimechanganyikiwa

#1 Chukudu_Turbo (Goma)
Jambo yenu. Musinicheke kwanza, someni mpaka chini.

Juma tatu zimepita mvua ilipiga hapa Goma, ile ya kweli, nami nilikuwa nimeenda kuona shemeji yangu Ndosho, barabara ikawa matope, wamotari wote wamejificha, nikakwama pale. Kurani (umeme) ilikuwepo, muujiza namba moja. Wakatia flashi ku televizyo, filme ya kutafsiriwa na DJ mu Kiswahili, mambo ya kuchekesha tu: polisi moja munene anafukuza mwizi wa kuku mpaka ndani ya arusi, mwizi anajificha mu nguo ya bibi arusi, mambo inaharibika. Akili hakuna mule. Polisi akifungua kinywa neno moja DJ anatafsiri maneno makumi ine.

Katikati ya filme wakaleta sahani kubwa ya saladi. Mi ni mutu wa bugali, sombe na makayabu, majani mabichi nilikuwa najua ni ya mbuzi. Lakini macho iko ku ekra, mukono inaenda yenyewe, nacheka, nakula, nacheka, filme inaisha naangalia sahani, kumbe nusu nimekula mi peke yangu. Ndani mulikuwa majani ya saladi, avoka, karoti ya kukwangua, beterave ya kutokosa, kitunguu, fromage ya Masisi ya kukatakata, ndimu na chumvi.

Toka siku ile nikiamka naifikiria. Nimetengeneza mara ine kwangu. Bila filme: tamu, lakini si ile. Na filme ya vita: sikumaliza sahani. Sasa ni nini ilinipata, ni filme ao ni saladi?

#2 Kadutu_Direct (Bukavu)
Ndugu umeanza kula chakula ya simbiliki 😂😂 angalia usikuwe unalia wiiii wiiii usiku

#3 Muzee_wa_Himbi
Ni njaa. Mvua, baridi, umeketi masaa mawili kwa watu na hawajaleta kitu. Ata kama wangekuletea kartoni ungekula. Uzi umefungwa.

#4 Chukudu_Turbo
@Muzee_wa_Himbi hapana muzee wangu, nilikuwa nimekula saa nane, bugali na sambaza (samaki ndogo ya ziwa Kivu), tumbo imejaa. Njo maana nashangaa.

#5 Tantine_Nyawera (Bukavu)
Mi sioni ajabu hapo. Angalia liste yake: avoka, fromage, chumvi, ndimu. Hiyo si majani, hiyo ni mafuta na chumvi vimevaa majani 😅 Mutu anayesema hapendi saladi mara mingi amekula ile ya restora, majani matatu imelala ku pembeni ya frite, na duara moja ya tomati, hakuna ata ndimu. Hiyo ata mi sipendi.

Na tena karoti bila mafuta ni bure kiasi fulani, juu ile kitu ndani ya karoti mwili unageuzaka vitamini A inapenda mafuta, bila mafuta sehemu kubwa inapita tu inaenda zake. Avoka yako ndiyo ilifanya kazi. Kwetu kule Kabare avoka inaangukaka chini nguruwe wanakula, watu wananunua mayonezi.

Lakini swali langu ni ingine. Nani alitengeneza hiyo saladi?

#6 Kadutu_Direct
Tantine ameuliza swali ya tribunali 🔥🔥 natafuta kiti

#7 Chukudu_Turbo
Ni mudogo wa shemeji. Lakini hiyo haihusiane.

#8 Sambaza_Moto (Bukavu)
HAHAHAHA "haihusiane"

#9 Lushois_Kamalondo (L'shi, Lubumbashi)
Bakubwa ba Kivu habari. Huku kwetu L'shi tungemaliza hii mambo ku posti namba saba: kijana amependa, saladi ni sababu tu. Apeleke salamu kwa wazazi, ale bukari yake kwa amani.

#10 Infirmiere_Katindo (Goma)
Muache kijana wa watu. Iko maelezo ingine ya maana. Kuna jaribio walifanyaka Marekani, ilitoka mwaka 2011, waliingiza watu sinema wakawapa popcorn, wengine mpya, wengine imelala siku saba. Wale wenye mazoea ya kula popcorn sinema walikula ile ya siku saba sawasawa na ile mpya, na wakiulizwa wanasema kweli haikuwa tamu! Kisha wakafanya vile vile lakini ndani ya salle ya mikutano, watu wanaangalia video za muziki, pale wakaacha ile ya zamani. Donki mahali na mazoea vinaweza kushika mukono wako kuliko ulimi. @Chukudu_Turbo, mukono ilikuwa inaenda yenyewe, umesema mwenyewe.

#11 Prof_Bila_Mushahara (Bukavu)
@Infirmiere_Katindo hiyo jaribio naijua na ni nzuri, lakini soma tena vizuri: ilikuwa kwa wale wenye mazoea. Watu wasio na mazoea ya popcorn sinema waliacha ile mbovu. Chukudu hakuwa na mazoea ya saladi ata siku moja, tena amesema sasa anaifikiria akiamka. Mutu aliyekula popcorn ya siku saba haamkake akiifikiria. Maelezo yako inaeleza kwa nini alikula mingi, haielezi kwa nini aliipenda.

#12 Infirmiere_Katindo
Sawa prof nakubali nusu. Ile nusu ingine nitarudi nayo nikitoka garde (zamu ya hospitali).

#13 Kadutu_Direct
Wakati munangojea nusu ya infirmiere niwaambie yangu. Mwaka jana bibi alisoma mahali beterave inaongeza damu. Bon, juma nzima beterave, asubuhi beterave, magaribi beterave. Siku ya tatu naenda choo naangalia chini: NYEKUNDU. Mi nikasema basi, nimekwisha, iliyoua babu imenifikia. Nikatoka pale nikaita mutoto wangu mukubwa nikamuonyesha fasi naficha karatasi ya kiwanja. Nikaita kaka yangu Uvira nikamwambia anisamehe ile deni (kumbe alikuwa ameisahau, sasa ananidai). Bibi anarudi soko ananikuta nimelala na kitenge juu ya kichwa, namueleza, anacheka mpaka anaketi chini.

#14 Dokita_wa_Kijiji
@Kadutu_Direct 😂 pole. Iko kawaida kabisa, rangi ya beterave kwa watu wengine inapita mpaka ku mukojo, kwa wengine haionekane. Haina mubaya. Lakini kama hujakula beterave na unaona nyekundu, usicheke, nenda hospitali.

Na kisha hii "beterave inaongeza damu" wanasemaka juu ni nyekundu tu. Feri yake (madini ya chuma) si mingi. Lengalenga na maharagi vinaishinda, na wala havina rangi ya damu.

Nimekuja pia kwa kitu moja hamujaongea na inanishangaza, posti kumi na tatu zimepita hapa. MUNAOSHA NA MAJI GANI? Sisi tunaishi fasi ya kolera. Watu wa Goma wa miaka yangu wanakumbuka 1994. Majani ya saladi inalala chini ku ardhi, inamwagiwa maji, wengine wanatia mavi ya wanyama, kisha inafika soko wananyunyizia maji ingine isikauke, na ile maji hujui imetoka wapi. Tifoide, amibe, minyoo, vyote vinapanda pale. Bugali na sombe moto iliua hiyo mambo. Saladi hakuna moto. Toa majani moja moja, osha na maji safi inayotembea, kisha lowesha mu maji ya klori vile wameandika ku chupa, kisha suuza na maji ya kunywa. Avoka nayo osha inje mbele ya kukata, kisu inaingiza uchafu.

#15 Sambaza_Moto
Dokita sisi kwetu tunatiaka vinegre mu maji, si inatosha?

#16 Dokita_wa_Kijiji
Inapunguza kidogo, lakini mi singeweka maisha yangu pale. Vinegre weka ku sahani, klori weka ku beseni.

#17 Tantine_Nyawera
Aksanti dokita. Na musisahau mikono ya mutu anayekwangua karoti. Nimeona mama moja soko anauza saladi tayari mu sashe, anapokea feza na mukono ile ile. Nilipita kama gari ya serikali.

#18 Lushois_Kamalondo
Mi niulize swali ya mujinga. Sombe nayo si majani? Kwa nini hatufanyeke saladi ya sombe, mbichi, na ndimu?

#19 Dokita_wa_Kijiji
@Lushois_Kamalondo TAFADHALI USIJARIBU. Majani ya muhogo mbichi iko na kitu inageukaka sianidi, sumu. Njo maana mama anatwanga, anatokosa muda mrefu bila haraka. Ile kutwanga inafungua, kutokosa inatoa. Mababu hawakuwa na laboratwari lakini walijua.

#20 Lushois_Kamalondo
Sawa. Nilikuwa nauliza tu kwa niaba ya rafiki.

#21 Muzee_wa_Himbi
Naona uzi haikufungwa. Basi niongeze: saladi ni mambo ya wafalme. Ile wanaitaka saladi ya Caesar ni Julius Caesar, mukubwa wa Roma, ndiye alikuwa anaikula mbele ya vita.

#22 Prof_Bila_Mushahara
Muzee wangu kwa heshima yote hapana 😅 Huyo ni Caesar Cardini, Muitaliani aliyekuwa na restora Tijuana, Mexico, karibu na mupaka. Wanasemaka aliitengeneza 1924. Wakati ule Marekani walikuwa wamekataza pombe, basi Wamarekani wanavuka mupaka kwenda kunywa na kula upande ule.

#23 Sambaza_Moto
Aaah kama sisi tunavyovukaka peti barieri (mupaka) kwenda Gisenyi, Rwanda, na kurudi na maziwa 😂 donki saladi ya Caesar ni saladi ya mupaka. Hiyo ni ya kwetu kabisa.

#24 Muzee_wa_Himbi
Cardini ao Julius, wote Waitaliani. Sikukosa sana.

#25 Tantine_Nyawera
😂😂😂 muzee huyu

#26 Ekra_Bapa (Goma)
Mi nasoma toka juu nangoja mutu aongee filme, hakuna. Munaongea majani kama maagronomu.

Ndugu zangu, filme ya kutafsiriwa si filme ya kawaida. Toka wakati wa kina Lufufu, mutafsiri wa filme kule Tanzania, DJ si mutafsiri tu, ni mutu wa tatu ndani ya nyumba. Anakuambia ucheke wapi, anatukana mwizi, anasalimia washkaji wake. Sasa @Chukudu_Turbo nakuuliza: ndani ya ile filme mulikuwa chakula? Juu nakumbuka filme moja ya DJ, dada mulemule alikuwa anakula majani, DJ akasema "huyu dada mwache ale, mwenye kula majani hafi na presha", mama yangu mukubwa toka pale ananunua lengalenga mara mbili kwa juma. Watu wanasikiaka DJ kuliko dokita.

#27 Dokita_wa_Kijiji
Nimeumia lakini ni kweli.

#28 Chukudu_Turbo
@Ekra_Bapa ni kweli kulikuwa chakula! Meza ya arusi, mwizi anaanguka juu yake, polisi anakwama kichwa mu bakuli ya saladi, majani inamning'inia ku masikio. Hapo njo nilicheka mpaka machozi, na kama nakumbuka muzuri sahani ilikuwa imefika wakati ule ule. Wee. Sijawahi kufikiria.

#29 Ekra_Bapa
Umeona? Kesi imekwisha. DJ ndiye alikulisha.

#30 Prof_Bila_Mushahara
Haijaisha. Kama ni hivyo filme yoyote yenye watu wanakula ingetubadilisha, na sisi tumeangalia filme za Nigeria miaka na miaka, hakuna mutu Bukavu aliyeanza kula fufu ya viazi vikuu.

#31 Kadutu_Direct
Bibi alijaribu. Tusiongee juu ya ile siku.

#32 Mama_Mapacha_Majengo
Hodi. Nyinyi munanichekesha, lakini kuna ile picha za zamani za intaneti, za matangazo, wanawake peke yao na sahani ya saladi wanacheka mpaka meno ya nyuma, hakuna mutu mwingine, hakuna filme, ni majani tu na kicheko. Mwaka 2011 watu walizikusanya ikawa mzaha dunia nzima. Nikiona nilikuwa nasema hawa wanacheka nini? Sasa leo namusoma Chukudu naanza kuwaelewa wale wadada.

#33 Sambaza_Moto
Chukudu pozi tunangoja picha 📸

#34 Infirmiere_Katindo
Nimetoka garde, nimerudi na nusu yangu. KICHEKO. Kuna profesa wa Oxford, Robin Dunbar, yeye na wenzake walionyesha watu komedi na wengine wakawaonyesha vitu havichekeshi, kisha wakapima ni maumivu kiasi gani mutu anavumilia. Waliocheka walivumilia zaidi. Wanasema ni endofini, ile dawa mwili unajitengenezea. Na ilikuwa kucheka pamoja na wengine, kicheko ya tumbo, si ile ya adabu. Sasa mutu mwenye endofini nyumba nzima, ukimupa karoti si ataiona keki? Na njo maana filme ya vita ilimukatalia.

#35 Prof_Bila_Mushahara
Walipima maumivu infirmiere, hawakupima karoti. Tena endofini yenyewe pale hawakuipima, waliikisia kupitia maumivu. Unaruka mutaro mukubwa sana.

#36 Infirmiere_Katindo
Na wewe unarukaka nini? Toka posti 11 unabomoa nyumba za watu, yako hatujaiona.

#37 Kadutu_Direct
🍿🍿 (ya siku saba)

#38 Prof_Bila_Mushahara
Bon. Yangu ni ndogo: alikuwa hajawahi kuionja ikiwa imetengenezwa vizuri. Saladi, ata jina lenyewe, kwa Kilatini inatoka ku chumvi. Bila chumvi na kitu chenye kuchacha hakuna saladi. Tantine alisema yote ku namba tano, sisi tunazunguka tu. Na majani ya huku iko safi: inatoka Kibumba asubuhi, udongo wa volkano, saa ine iko soko Virunga. Kule Ulaya majani inakuja mu plastiki imesafiri siku nyingi. Mutu wa Goma hana sababu ya kutopenda saladi, ana tu sababu ya kutoijua.

#39 Muzee_wa_Himbi
Na karoti inafanya uone usiku. Wapiloti wa Uingereza wakati wa vita walikula karoti wakapiga ndege za Wajerumani gizani.

#40 Prof_Bila_Mushahara
Muzee…

#41 Muzee_wa_Himbi
Sema tu.

#42 Prof_Bila_Mushahara
Walikuwa na rada ndani ya ndege. Hadithi ya karoti serikali yao ilieneza, adui asifikirie sana ile rada. Lakini nusu uko na haki: mutoto aliyekosa vitamini A anaweza kuwa haoni magaribi, na huyo karoti itamusaidia. Wewe na mimi tunaona vibaya juu ya uzee na bujii (mushumaa).

#43 Mutoto_wa_Nguba (Bukavu)
Naomba kuongeza kitu kidogo juu naona wengi watakimbia kununua majani. Baba yangu anakunywaka dawa ya kulainisha damu, warfarini. Alisikia majani ni muzuri, akaanza kula saladi na sombe mingi gafla, damu ikabadilika, dokta akashangaa vipimo. Kumbe majani kijani iko na vitamini K, inapiganaka na ile dawa. Hawakumukataza, walimwambia tu ale kiasi sawa kila juma, asipandishe asishushe bila kuwaambia. Baba sasa anapimaka saladi na kikombe kama muuzaji wa maharagi.

#44 Dokita_wa_Kijiji
@Mutoto_wa_Nguba aksanti, hii ni ya maana kuliko yangu. Kiasi kilekile, na dokta wake ajue.

#45 Sambaza_Moto
Mi nimejaribu leo muchana. Majani, avoka, tomati, kitunguu, na juu yake sambaza ya kukaanga ikiwa kavu inalia mu meno. Sikuangalia filme, niliangalia jirani anagombana na mbuzi wake. Tamu sana. Samaki ya Kivu toka mababu na saladi, nani alijua!

#46 Tantine_Nyawera
Sambaza toka mababu? Uliza wazee wa Idjwi. Ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Mama yangu anakumbuka ziwa bila sambaza.

#47 Sambaza_Moto
Tantine umenivunja. Jina langu lote la intaneti ni mugeni??

#48 Lushois_Kamalondo
Utaomba karatasi za kukaa 😂

#49 Mama_Mapacha_Majengo
Nyumbani kwangu mapacha hawagusake majani. Magaribi nimeweka katuni, nimeweka sahani katikati, nimenyamaza. Moja amekula karoti yote, mwingine amekula fromage yote na kuacha majani kama wavu wa samaki umetandazwa. Donki hiyo filme yenu inafanya kazi kwa asilimia hamusini ya mapacha.

#50 Prof_Bila_Mushahara
Hii ndiyo jaribio ya kwanza ya kweli ndani ya uzi huu.

#51 Chukudu_Turbo
Nimerudi. Jana nilienda tena Ndosho. (Nyamazeni.) Nilipeleka avoka tatu na kipande ya fromage, adabu ni adabu. Mudogo wa shemeji akatengeneza, tukatia filme ile ile, polisi akafika ku mulango ya arusi, KURANI IKAKATA. Giza. Tukawasha bujii, tukakula saladi kimya kimya, shemeji mwenyewe akaanza kutafsiri filme kwa kichwa, eti polisi anaingia, eti mwizi anasema hivi, na anakosea yote, mwizi amekuwa pasta, kuku amekuwa ng'ombe. Nimecheka kuliko siku ya kwanza. Na saladi ilikuwa tamu vile vile, labda zaidi. Sasa sijui tena.

#52 Infirmiere_Katindo
KICHEKO!! Nilisema.

#53 Ekra_Bapa
Hapana, DJ. Shemeji alikuwa DJ.

#54 Tantine_Nyawera
Avoka tatu mama.

#55 Muzee_wa_Himbi
Mulikula saa ngapi? Ni njaa.

#56 Lushois_Kamalondo
Ba Kivu mutafika lini ku ukweli. Kijana alipeleka FROMAGE kwa watu. Kwetu hiyo ni hatua ya kwanza ya mahari.

#57 Kadutu_Direct
@Chukudu_Turbo beterave alitia?

#58 Chukudu_Turbo
Alitia. Asubuhi nimeona, sikuita mutu yeyote wa Uvira 😂

#59 Mutoto_wa_Nguba
Ndugu, jina ya ile filme basi, tuitafute.

#60 Chukudu_Turbo
Ku flashi imeandikwa FILME MUZURI 3.

#61 Ekra_Bapa
Mi niko na FILME MUZURI 1, 2, na 5. Nani ana 4?